Hedifoni za bei nafuu: nianze na rangi au na sauti? (niko Mbeya)

Kijana_wa_Iyunga:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nina hedifoni za waya za kufunika sikio zima, zile nyeusi za kung'aa ambazo zimejaa madukani Mwanjelwa. Boksi linasema spika 40 mm, 32 ohm, waya 1.2 m, pini ya 3.5 mm. Waya unaingia kikombe cha kushoto peke yake. Nataka nizitumie kujifunzia kazi ya mikono, na nia yangu ni mambo matatu: vikombe viwe kijani cha majani ya chai, sauti ya debe ipungue, na waya uwe wa kuchomoa badala ya huu uliofungwa ndani.

Hali yake kwa sasa ni hii. Mito imeanza kubanduka ngozi. Upande wa kulia sauti hukatika waya ukikunjwa karibu na pini. Chini ya kila mto kuna skrubu 3 na zimefunguka bila shida. Vifaa nilivyo navyo ni bisibisi ndogo, chuma cha kulehemu cha wati 40 na mita ya digitali. Kompresa sina, kwa hiyo rangi itakuwa ya kopo la kupuliza. Bajeti yote elfu 30.

Naomba kujua kipi kitangulie, rangi gani inashika kwenye plastiki hii, pamba iwe kiasi gani, na kama kwa baridi hii ya Juni rangi itakauka au nisubiri jua la Septemba.

---

FundiSauti:

Marahaba kijana. Umeuliza vizuri kwa sababu umeleta vipimo. Tatizo la wengi ni kukimbilia rangi, halafu wanarudi kufungua kikombe kilichokwisha kupakwa ili walehemu, na rangi inachubuka kwenye matundu ya skrubu. Mpangilio ni huu: pima kwanza, kisha toboa na jaribu sauti, kisha vunja kila kitu upake rangi, na kulehemu kwa mwisho kufanyike vipande vikiwa vimekauka kabisa.

Kupima: weka mita kwenye ohm 200. Gusa ncha ya pini na shina lake (kipande kirefu cha nyuma), hiyo ni spika ya kushoto. Gusa pete ya katikati na shina, hiyo ni ya kulia. Kila moja isome karibu na 32, ikiwa 29 au 34 usijali, muhimu zote mbili zikaribiane. Ncha na pete ya katikati itasoma kama 64 kwa sababu umezipita spika zote mbili kwa mfululizo. Ukiona namba iliyo karibu na 0, waya zimegusana. Ukiona alama ya kutokuwa na njia (OL, au 1 iliyo peke yake upande wa kushoto wa kioo cha mita), waya umekatika. Pima huku unaukunja waya taratibu kuanzia pini kwenda juu. Pale namba inaporuka ndipo palipokatika.

Sasa sauti ya debe. Kabla hujagusa pamba, angalia mito. Hedifoni iliyofungwa nyuma inategemea mto ukae vizuri kichwani bila hewa kuvuja. Mto ukichanika au ukiwa umelala, besi inatoka nje na kinachobaki ni ile sauti ya kati inayopiga kelele, ndiyo unaiita debe. Jaribu hivi: vaa, weka wimbo wenye besi, kisha bana vikombe kwa viganja taratibu. Besi ikiongezeka sana, ugonjwa wako ni mito, na pesa ya kwanza iende huko. Pima kipenyo cha nje cha kikombe kwa rula ya milimita. Cha 80 mm kinachukua mto wa 80 hadi 85. Chukua wa ngozi bandia, usichukue wa kitambaa, maana kitambaa kinapitisha hewa na utapoteza besi uliyokuwa unaitafuta. Na usichague mto mnene kupita kiasi, unaisogeza spika mbali na sikio na sauti kali za juu zinabadilika.

Mito ikiwa sawa ndipo uende ndani ya kikombe. Debe linalobaki linatokana na sauti ya mgongo wa spika kugonga ukuta mtupu wa plastiki na kurudi. Weka kitu laini cha kuinywa. Pamba ya mito, ile nyeupe ya kiwandani, inatosha: kipande cha 6 kwa 6 sentimita, ukichambue kiwe chepesi, ukilaze kwenye ukuta wa kikombe. Ni kama gramu 1 kwa upande. Pande zote mbili zikatwe kutoka shiti moja kwa kipimo kimoja, vinginevyo kushoto na kulia havitalingana na sikio litalijua hilo haraka. Ukishindilia, besi inakauka. Pamba ya duka la dawa inakunywa unyevu, si nzuri kwa huku kwetu. Sufi inafaa, tatizo ni nyuzi zake kuruka. Ukiitumia ifunge kwanza kwenye kipande cha chandarua cha zamani kilichofuliwa.

Mgongoni mwa spika kuna vitundu vimefunikwa kwa karatasi au kitambaa chembamba. Hivyo ni pua ya spika. Usivibandike pamba wala gundi.

Ukuta wa kikombe pia una kitundu kidogo mara nyingi. Kizibe kwa selotepu, sikiliza wimbo mmoja ule ule, kibandue, sikiliza tena. Hapo utajua kina kazi gani kwenye hedifoni yako, kwani kila moja ina tabia yake. Mimi napendelea mabadiliko yanayobanduka kuliko ya kutoboa. Sauti za juu zikichoma, kata duara la karatasi ya chooni la 40 mm, tabaka moja tu kati ya yale mawili, uliweke mbele ya spika chini ya mto. Likizidi, toa.

Kuna wanaotoboa vikombe matundu kadhaa ili viwe vya wazi. Usifanye. Hedifoni za wazi kama Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968 zilibuniwa hivyo tangu mwanzo, spika na mito ya sponji vikipangwa kwa ajili hiyo. Ya kufungwa ukiitoboa unapoteza besi na hupati kile ulichotarajia.

---

Msasa_Mlaini:

Kamwene kutoka Iringa. FundiSauti kamaliza habari za ndani, nami nishike rangi.

Mdogo wangu, swali lako la "rangi gani inashika" linaanza na swali jingine: hiyo ni plastiki gani? Angalia ndani ya kikombe, kuna maandishi madogo yaliyochongwa. ABS inakubali rangi vizuri. PP haikubali kitu, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu hata ukiisugua mchana kutwa. Kama hakuna maandishi, chukua kipande kisicho na chuma wala waya, kitumbukize kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni, ukiondoe mapovu kwa kidole. Kikizama, uwezekano mkubwa ni ABS. Kikielea, ni PP au ndugu yake. Pima kila kipande peke yake. Mara nyingi vikombe na upinde wa kichwani si plastiki moja.

Kazi ya vikombe vya ABS iko hivi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Futa kwa spiriti. Usiguse asetoni, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, wala thina. ABS inayeyuka na uso unakuwa kama uji ulioganda, na hapo huna pa kurudi. Kama zina ule utando laini wa mpira unaonata vidole, spiriti na kitambaa cha pamba vitautoa, ila unataka subira ya nusu saa ya kusugua.

Kisha msasa wa maji namba 600, pamoja na maji na sabuni kidogo. Shabaha ni kuua mng'ao wote, si kula plastiki. Inua kikombe uelekee dirishani ukigeuze: palipong'aa ni pale msasa haujafika, na rangi itaachia hapo hapo. Pembeni na kwenye herufi za jina tumia kipande kilichokunjwa mara mbili. Mikwaruzo mirefu ianze na 400, na kama ni shimo, puti ya plastiki ya magari ipakwe nyembamba, ikauke, isuguliwe 400 halafu 600.

Baada ya hapo, spiriti tena, na kuanzia dakika hiyo usikishike kwa mkono mtupu. Hili nalisisitiza kwa watu wa nyanda zetu za juu. Kipindi cha baridi kila mtu kajipaka mafuta mikono isipauke, na mafuta hayo ndiyo adui wa rangi. Alama ya kidole inageuka vitobo vya duara vyenye ukingo, mafundi wa gereji wanaviita macho ya samaki. Rangi juu yake haivizibi, inakimbia pembeni. Vaa glovu, au shika kikombe kwa kijiti ulichokibana kwa ndani.

Praima, yaani rangi ya msingi, ni lazima. Chukua praima ya kijivu kwa rangi yako ya kijani. Nyeupe ni kwa watu wa njano na rangi za maziwa. Tikisa kopo dakika 2 kamili baada ya gololi ya ndani kuanza kulia. Umbali sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza kikombe kikiwa bado nje ya njia, pita juu yake, maliza ukiwa umeshakivuka. Ukianzia na kuishia juu ya kikombe, mwanzo na mwisho wa kubonyeza panarundikana na patachuruzika. Koti la kwanza liwe kama vumbi tu, plastiki bado inaonekana nusu. Subiri dakika 10 hadi 15, la pili, kisha la tatu. Praima ikikauka, pitisha msasa 800 kwa wepesi, futa vumbi.

Rangi yenyewe nayo makoti 3 membamba, halafu kliya (rangi angavu ya kukinga ile ya chini) makoti 2. Tumia za jamii moja, za akriliki zote. Rangi ya mafuta ya milango iache dukani, inachukua siku nyingi kukauka na mikono ya mvaaji itaiacha na alama.

Kosa ninaloliona zaidi ni muda kati ya makoti. Soma nyuma ya kopo: kwa rangi nyingi utakuta ama urudie ndani ya saa 1, ama usubiri siku 1 au 2. Katikati ya hapo ndipo hatari ilipo. Koti la chini limeunda ngozi lakini halijakomaa, la juu linaleta kimiminika chake, la chini linavimba na kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Ikitokea, acha ikauke siku kadhaa, msasa mpaka usawa, uanze upya. Hakuna dawa nyingine.

Kabla ya haya yote fanya jaribio ndani ya kikombe, mahali pasipoonekana. Paka, acha siku 2, kata mistari ya wembe 6 kwenda na 6 kukatiza, nafasi ya 2 mm, bandika selotepu, bonyeza kwa ukucha, ng'oa kwa mara moja. Visanduku vikibaki mahali pake, endelea. Vikitoka na selotepu, usipoteze kopo zima.

---

Ukungu_wa_Tukuyu:

Kijana, swali la baridi lisipitwe. Juni na Julai Mbeya mjini usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na makopo mengi yanataka kati ya nyuzi 15 na 27. Ila baridi peke yake siyo inayoharibu rangi, ni baridi pamoja na unyevu. Kimiminika cha rangi kinapopaa kinaupoza uso wa plastiki, unyevu wa hewani unaganda pale kama umande, na rangi inakuwa na ukungu mweupe wa maziwa. Kwetu Rungwe hata Agosti inatokea. Mbeya mjini Juni una nafuu: hewa ni kavu, mvua zimekata. Kwa hiyo usingoje Septemba. Septemba na Oktoba vumbi la Mbeya linakuwa jingi, na chembe moja kwenye kliya inaonekana kuliko kosa lolote.

Puliza kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, mahali pa kivuli penye upepo mdogo, barazani au kwenye boksi kubwa la katoni lililofunguliwa upande mmoja. Jua la moja kwa moja linakausha ngozi ya juu haraka na kufungia kimiminika ndani, baadaye kinatoka kwa vipovu. Vikombe vikae ndani ya nyumba usiku uliotangulia ili visiwe vya baridi kuliko hewa.

Kopo la baridi linatema matone badala ya moshi, kwa sababu msukumo wa gesi umeshuka. Liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unakaa ndani bila kuungua, dakika 5, ulikaushe, utikise. Maji ya moto hapana, jikoni hapana, kopo linapasuka.

Na jambo la maana kuliko rangi: wakati wa baridi watu wa Mbeya, Makete na Njombe huingiza jiko la mkaa chumbani kupasha joto. Usipulize rangi wala usikaushe rangi mbichi kwenye chumba chenye jiko, mshumaa au moto wowote. Mvuke wa rangi unashika moto, na jiko lenyewe kwenye chumba kilichofungwa linaua kwa hewa yake hata bila rangi. Milango wazi, barakoa mdomoni, watoto mbali.

Ukitaka kuharakisha ukomavu, subiri saa 1 baada ya koti la mwisho ili mvuke mwingi utoke, kisha vining'inize kwenye boksi lenye balbu ya zamani ya wati 60 kwa chini upande mmoja, isiguse katoni, na tundu la kupumulia juu. Balbu za LED hazitoi joto la maana. Ndani pasizidi nyuzi 40. Kaa ukiliangalia, usiliache boksi likiwaka ukaenda kulala.

Muda wa kugusa ni saa kadhaa, wa kufunga skrubu siku 2, lakini mito usiirudishe kabla ya wiki. Mto unabana rangi changa na kuacha alama ya duara isiyofutika.

---

Kijana_wa_Iyunga:

Nashukuruni sana, ndaga Ukungu_wa_Tukuyu.

Majibu ya vipimo: kushoto 31.8, kulia 32.1 waya ukiwa umetulia, na unaruka nikikunja sentimita 3 hivi juu ya pini. Nikibana vikombe kwa viganja, besi inaongezeka sana, kwa hiyo mito inabadilishwa. Vikombe vimezama kwenye maji. Upinde wa kichwani umeelea.

Maswali mawili: upinde naufanyaje? Na tundu la kuchomekea waya nalitoboaje bila kupasua kikombe?

---

FundiSauti:

Vipimo vizuri, spika zako ni nzima. Kilichokatika ni waya pale shingoni mwa pini, na kwa kuwa unataka wa kuchomoa, huo wa zamani hatuutibu, tunauondoa.

Nunua tundu la 3.5 mm la kufungia kwenye paneli, lenye shingo ya nati na miguu 3. Yapo ya miguu 5 yenye swichi ndani, yanakuchanganya bure. Kabla ya kutoboa, lishike ndani ya kikombe pale waya unapoingilia na urudishe spika mahali pake. Miguu ya tundu isiguse sumaku wala fremu ya spika. Acha angalau 3 mm. Pima pia urefu wa shingo dhidi ya unene wa plastiki. Ikiwa plastiki ni nene nati haitashika, na utalazimika kuipunguza kwa ndani.

Toa spika kabla ya kutoboa. Sumaku yake inavuta chembe za chuma, na chembe ikinasa kwenye utando utasikia mkwaruzo kila besi inapopiga. Sumaku hiyo hiyo inavuta bisibisi ghafla, inaponyoka mkononi na kutoboa utando, mchezo umekwisha. Spika ikitoka, igeuze uso chini juu ya kitambaa safi, mbali na meza ya kazi.

Bandika selotepu ya karatasi pale pa kutoboa, weka alama, anza na keekee ya 3 mm, kisha 6 mm, kwa mkono au mashine ya mwendo wa chini kabisa. Mwendo wa kasi unaiyeyusha ABS, inajikunja kwenye keekee na tundu linakuwa la pembe. Shingo nyingi zinaingia kwenye 6 mm. Jaribu, na kama imebana panua kwa faili la mviringo, si kwa nguvu. Haya yote kabla ya rangi.

Kabla ya kukata waya wa zamani, piga picha ya kila kiungo. Utakuta ndani nyuzi za rangi: nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, ya shaba tupu ni shina la pamoja. Usiamini rangi peke yake, hakikisha kwa mita. Kwenye tundu jipya, mguu wa ncha uende spika ya kushoto, mguu wa pete uende kwenye waya unaovuka upindeni kwenda kulia, mguu wa shina upokee nyuzi mbili za shaba, ya kushoto na ile inayovuka. Ujue mguu upi ni upi kwa kuchomeka waya wa aux na kupima kwa mita kutoka upande wa pili.

Nyuzi hizo zina lakiri, utando mwembamba unaozuia umeme. Zinaonekana kama shaba lakini risasi ya kulehemu inateleza juu yake kama maji juu ya jani la gimbi. Weka tone la risasi kwenye ncha ya chuma, ongeza flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), ingiza mwisho wa uzi ndani ya tone kwa sekunde 3 hadi 5. Utaona moshi kidogo, kisha uzi unang'aa kwa fedha urefu wa 3 mm. Hapo lakiri imeondoka. Kuchoma kwa kiberiti kunawezekana, ila masizi yanabaki na nyuzi za nailoni za ndani zinayeyuka na kuganda juu ya shaba.

Kwenye miguu ya spika usizidi sekunde 2. Kiungo hicho kimeshikilia uzi wa koili ambao ni mwembamba kuliko unywele. Ukiipasha plastiki ikalainika, mguu unasogea na uzi unakatika, na huo haulehemiki tena. Usipofanikiwa mara ya kwanza, acha ipoe nusu dakika ndipo ujaribu tena. Kibomba cha mpira cha kusinyaa kwa joto kivishe kwenye waya kabla ya kulehemu, maana baada ya hapo hakuna pa kukiingizia.

Ukimaliza, weka sauti ya mtu anayeongea, si muziki. Isikike katikati ya kichwa. Ikiwa imetawanyika, haina mwili, na besi imeyeyuka, spika moja imegeuzwa miguu; badilisha nyuzi zake mbili upande mmoja tu. Kisha ziba mwanya unaozunguka tundu kwa gundi ya moto. Usitumie silikoni inayonuka siki, asidi yake inakula shaba polepole.

---

Msasa_Mlaini:

Upinde ulioelea usiupake rangi, mdogo wangu. Kuna praima ya plastiki inayotumika kwenye bampa za magari, na bampa nyingi ni jamii hiyo hiyo ya PP, kwa hiyo fundi wa gereji anaweza kukupulizia koti moja jembamba kabla ya rangi. Inashika kwenye bampa. Lakini upinde wa hedifoni unapanuliwa na kubanwa kila siku, na rangi ya kopo haikunjiki kiasi hicho. Itapasuka nyufa pale juu katikati ndani ya wiki chache. Wewe ulitaka vikombe tu viwe kijani, basi umeshashinda.

Kama utataka uendane na vikombe, uvishe kitenge. Pima mzunguko wa upinde kwa uzi, tuseme umepata 70 mm. Kata kipande cha upana wa 85 mm, urefu uzidi upinde kwa sentimita 2 kila mwisho. Weka ndani ukanda wa sponji wa 5 mm. Kunja kingo, shona kwa mkono kwa chini, mshono wa karibu karibu, uzi wa nailoni. Usitumie gundi ya viatu. Inachafua kitambaa na mara nyingine inalainisha plastiki. Acha wazi sehemu ya kurefusha upinde, ukiishonea humo hedifoni haitapanuka tena, na waya unaovuka usichomwe na sindano.

---

Ukungu_wa_Tukuyu:

Nyongeza kwa wanaosoma wakiwa na hedifoni za Bluetooth: ndani ya kikombe kimojawapo kuna betri ya lithiamu, mfuko mwembamba wa fedha. Itafute betri hiyo kabla ya kushika keekee. Ukiitoboa inawaka. Na kitundu kidogo kinachofanana na cha hewa kinaweza kuwa cha maikrofoni, kizibe kwa selotepu wakati wa kupuliza, rangi isiingie.

---

Kijana_wa_Iyunga:

Nimeelewa. Upinde unabaki kama ulivyo. Kesho saa 4 naanza na tundu, kisha msasa 600. Swali la mwisho: kliya iwe ya kung'aa au ya mati?

---

Msasa_Mlaini:

Ya mati inaficha makosa ya mkono wa kwanza, ila mafuta ya vidole yanaonekana, na ilipokwaruzika huwezi kuisugua, maana pale utakaposugua patang'aa. Doa likitokea unarudia kikombe chote. Ya kung'aa inaonyesha kila chembe, lakini chembe hiyo unaiondoa baada ya wiki kwa msasa wa maji 2000 na dawa ya meno nyeupe kwenye kitambaa laini. Kwa anayejifunza nakushauri ya kung'aa. Na makoti ya kliya yakiwa mawili, la pili lipulizwe kwa kulikatiza la kwanza, moja kwa urefu, moja kwa upana.